Fundi Khalidi na Tangi Lililochacha

Bunda mjini, Khalidi Pazi anajulikana kwa masikio yake. Kaa naye kwenye benchi la kahawa karibu na soko, pikipiki ipite nyuma yake, hatageuka. Atasema tu kwamba hiyo ringi zimekwisha, Nyamuswa haifiki. Mara nyingine inafika salama salimini. Ila siku isipofika, habari zinarudi sokoni kabla ya dereva mwenyewe, na jina la Khalidi linapanda daraja. Sifa za fundi hujengwa hivyohivyo, tusidanganyane.

Babu yake alikuwa Mzaramo. Alikuja huku kuwapikia watu waliokuwa wakichonga barabara, barabara ikaisha, naye akaona uvivu kurudi pwani; akaoa Mjita, yakaishia hapo. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mtu wa swala tano na mishono iliyonyooka, na alitaka mwanawe arithi kiti. Bahati mbaya Khalidi aliipenda cherehani kuliko nguo. Ijumaa moja baba alirudi kutoka msikitini akakuta kanzu ya mteja ina mkono mmoja, na cherehani iko vipande vipande juu ya mkeka. Alimchapa barabara, kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga, akampeleka gereji.

Tangu hapo Khalidi amekuwa mtu wa kufuata mashine za watu. Alianza na boti ya mizigo Musoma. Aliitunza injini ile mpaka wavuvi wakawa wanaitambua kwa mlio ikiwa bado mbali, na mwenye boti akaiuza upande wa pili wa ziwa bila hata kumwambia. Akaingia kwenye jenereta za kiwanda cha samaki. Samaki wakapungua, kiwanda kikafungwa. Akaenda Nyamuswa kwenye mashine ya kusaga ya dizeli, akakaa miaka, akadhani sasa amefika. Halafu umeme wa nguzo ukaja, tajiri akafunga mota. Mota haina haja ya mtu wa kuisikiliza: unabonyeza inalia, unabonyeza inanyamaza. Khalidi alipewa mkono wa asante na debe la unga.

Kila mashine ilipoondoka, mkewe Najat alikunja godoro. Najat ni mtoto wa muuza vitenge wa Musoma, mwanamke asiyepandisha sauti, na hapo ndipo anapotisha. Kazi ya kutunza jenereta huko Nyabikore ilipojitokeza, alimwambia mumewe kwamba atahama naye, lakini hii ni mara ya mwisho. Siku mashine ya huko nayo ikichukuliwa, yeye ataenda kwa binti yao Sabiha, Buhare, pembeni ya mji wa Musoma, ambako kuna chumba cha uani kinawasubiri. Khalidi akipenda, atamfuata.

Buhare si mbali, na mkwe wao ni kijana mwenye adabu zake. Lakini kwa mwanaume aliyelelewa kama Khalidi, kwenda kuishi kwa binti ni kukohoa kabla ya kuingia sebuleni, kusikilizia kama bafuni kuna mtu, na kula cha mkwe asubuhi na jioni huku ukisema alhamdulillahi macho chini. Aliona heri alale kibandani na jenereta. Kwa hiyo alipopanda bodaboda kwenda Nyabikore, masika ya mwaka jana, alikuwa na ombi moja tu kwa Mola wake: hii isiondoke.

Nyabikore ni kitongoji cha wakulima na wafugaji. Ukitoka Nyamuswa kuelekea Butiama, unaacha barabara na kupandisha kidogo. Nguzo za umeme ziliishia chini huko barabarani, ndiyo maana mradi mmoja ulikuja kujaribu njia nyingine. Walichimba tangi la zege ardhini, wakaweka puto kubwa jeusi la kuhifadhia gesi, wakajenga kibanda cha bati na kuweka jenereta ndani. Tangi linalishwa samadi kutoka mazizini, pumba za mahindi na takataka za shambani, vyote vikiwa vimekorogwa na maji kwenye beseni la saruji. Wadudu wasioonekana wanakula humo, wanatoa gesi; gesi inaendesha injini, injini inawasha taa za nyumba, friji ya chanjo ya zahanati, na mashine ya kusaga. Gesi kidogo inakwenda kwenye jiko la nyumba ya fundi. Florian, afisa wa mradi anayekaa Musoma, aliwaeleza watu kwamba hilo tangi ni tumbo la ng'ombe asiye na miguu. Walielewa papo hapo. Ng'ombe wanamjua kuliko wanavyomjua diwani wao.

Kulisha tangi ilikuwa kazi ya wanawake. Pale mavi ya ng'ombe ni mambo yao, kwani ndio wanaokandika kuta na kupaka sakafu, na mwanaume akionekana na karai la mavi kichwani ataimbwa kilabuni mpaka azeeke. Kiongozi wao ni Nyamburi, mama wa makamo, mpana wa mabega na wa kauli, mwenye sifa mbili: nguruwe wake na udaga wake. Nguruwe anao banda zima nyuma ya nyumba. Udaga, kwa asiyeujua, ni mihogo iliyomenywa ikavundikwa chini ya magunia mpaka ikapata joto, ikaota ukungu, ikalainika na kuchachuka kidogo, ndipo inaanikwa na kusagwa. Kuvundika kunataka akili. Ukiwahi kufunua, uchungu unabaki, ukichelewa, umeozesha. Nyamburi hakuwahi wala hakuchelewa, na unga wake ulikuwa unaagizwa mpaka Bunda watu wakiwa na harusi.

Siku ya kwanza ya kazi, Khalidi alimkuta mama huyo kwenye beseni akiwa na ndoo ya mavi ya nguruwe kutoka bandani. Akasimama. Mikono ya fundi inaingia kila mahali pale: kwenye beseni likiziba, kwenye mabomba, kwenye mdomo ambako uji uliokwisha kazi unatokea. Hakugomba. Alisema kwa upole kwamba yeye ni Mwislamu na hicho kwake ni najisi. Hawezi kuwakataza watu jambo lao wakiwa kwao, anaomba tu siku wakimwaga aambiwe, asiguse. Nyamburi akaitazama ndoo, akamtazama mzee, akageuka nayo na kwenda kuimwaga kwenye migomba.

Baadaye wanawake walikaa wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe: maadamu fundi yupo, ya nguruwe yasiingie tangini. Mgeni huwezi kumfanyisha kazi ndani ya najisi yake. Hakuna aliyemwuliza Khalidi kama ndivyo alivyoomba. Khalidi naye, alipoona ile ndoo hairudi, hakuuliza. Alifurahi, akanyamaza. Najat aliposikia ndoo haikurudi alisema watu wa huku wana haya, akaanza kuwapelekea maandazi.

Masika yote mambo yalikwenda kama maji. Khalidi aliiwasha jenereta kila jioni, akakaa kwenye kigoda mlangoni akiisikiliza, na akaanza kumsimulia kila apitaye jinsi sauti yake ilivyotulia. Watu wa Nyabikore walizoea. Walimwitikia, wakaenda zao.

Kisha kikaja kiangazi, na kilikuwa kikali. Nyasi ziliisha mapema, na kama kawaida ya huko vijana waliswaga ng'ombe kwenda kutafuta malisho kando ya ziwa, wakabaki wachache wa maziwa. Mazizi yakawa makavu. Puto likalegea, likawa limelala kama gunia tupu. Mashine ya kusaga ilisimamishwa kwanza, halafu taa za nyumba. Gesi iliyobaki ikaachiwa friji ya zahanati, nayo kwa kubanabana. Jambo moja lilimshangaza Khalidi: aliambiwa kiangazi cha nyuma, enzi za fundi aliyemtangulia, taa hazikuzimika. Aliuliza walifanyaje, akajibiwa kwamba Mungu alisaidia.

Mugeta, mwenyekiti wa kitongoji, akapigiwa simu na Florian. Kijana hakuzunguka mbuyu. Alisema kuna kijiji upande wa Butiama wanafuga ng'ombe wa kufungia, samadi wanayo mwaka mzima, na wameomba ile jenereta. Atapita Nyabikore kabla ya mvua za vuli. Akiikuta haifanyi kazi, itapakiwa kwenye gari. Mugeta akayatangaza mkutanoni hivyohivyo, Khalidi naye amekaa nyuma. Alikiona kile chumba cha uani Buhare, na mkwe akimkaribisha kiti.

Mkutanoni pale kila mtu alijua kwamba kwa Nyamburi kuna nguruwe, na nguruwe hawaswagwi kwenda ziwani. Macho yalikwenda kwa fundi, yakarudi chini. Hakuna aliyetamka. Heshima ya watu wa Nyabikore ndivyo ilivyo, inaweza hata kukuua na usijue umekufa na nini.

Nyamburi ndiye aliyeinuka akasema waachiwe wanawake. Ulikuwa msimu wa kumenya mihogo, na nyuma ya kila nyumba kulikuwa na kichuguu cha maganda. Tangi lilikuwa limezoea kupewa maganda kidogo, ya kuonja. Sasa Nyamburi alifikiri kama mtu anayejua kazi yake. Ikiwa hili ni tumbo, na lina njaa, basi lipewe chakula kilicholainika tayari, kisilisumbue. Akakusanya maganda ya kitongoji kizima, akayavundika chini ya magunia kama udaga wa harusi, akangoja yakapata joto na ukungu, akayaponda. Wakayamwaga beseni baada ya beseni, pamoja na maji ya kulowekea yaliyokuwa yamechacha yakatoa povu. Walifanya hivyo kwa moyo mmoja, wakiimba. Wema hauozi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuwa na tangi la bayogesi.

Siku chache tu, puto likavimba. Likajaa likawa gumu, likametameta juani, wanawake wakapiga vigelegele. Mugeta akampigia Florian kumwambia aje hata kesho. Khalidi alisali rakaa mbili za shukrani, akaenda kibandani, akafungua koki, akawasha.

Injini ikakohoa, ikazimika.

Akawasha tena, ikatetemeka kama mtu mwenye homa, ikazimika. Basi Khalidi akavua shati, akaingia kazini. Alitoa plagi akazisugua. Akafungua chujio, akafungua mahali hewa inapochanganyikia na gesi, akapima valvu, akafunga, akafungua upya. Mtu aliyezeekea kwenye injini, ugonjwa wowote anautafuta kwenye injini. Puto lilikuwa limejaa mbele ya macho ya kila mtu, sasa kosa lingekuwa wapi pengine? Akashinda kibandani siku nenda siku rudi, akila huko huko, vipande vimepangwa juu ya gunia. Alikuwa anaisikiliza na haimwambii kitu. Hilo ndilo lililomtia hofu hasa, maana hakuna mashine iliyowahi kumnyamazia namna ile.

Maneno yakaanza. Hayakuwa ya ubaya. Yalikuwa ya huruma, ambayo ni mabaya zaidi. Walisema mzee masikio yamechoka. Mugeta, akitazama pembeni, alimwambia kwamba Bunda kuna kijana mmoja anasifiwa, labda aje amsaidie kidogo. Khalidi akasema aje. Alipotamka neno hilo alijua amejifukuza.

Nyumbani nako Najat alikuwa na yake. Jiko la gesi lilikuwa haliwaki. Ukiwasha, mwali unaruka na kufa. Alimwambia mumewe, naye akajibu bila kuinua kichwa kwamba ni upepo. Najat aliangalia nje. Majani ya migomba hayakuwa yakitikisika hata moja. Akachukua ndoo akaenda kwenye mdomo wa tangi kuchota uji wa kumwagia mchicha wake, kama alivyozoea. Siku zote ule uji haunuki kitu cha maana. Siku hiyo alipoinama, harufu ilimpanda puani akarudi nyuma. Ilikuwa kali, ya kuchacha. Najat hajawahi kuupenda udaga, toka aje huku anaula kwa adabu tu, kwa hiyo harufu ile asingeweza kuikosea.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kibandani.

"Baba Sabiha," alisema, "iache hiyo injini. Njoo unuse."

Khalidi alikwenda, akanusa. Kisha akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu siku ya kwanza: akafungua koki ndogo iliyo kwenye bomba na kupeleka njiti ya kiberiti. Badala ya kulipuka mwali, njiti ikazimika kama imetemewa mate. Akawasha ya pili, ikafa hivyohivyo. Puto lote lile lililowafurahisha watu lilikuwa limejaa hewa isiyowaka. Injini yake haikuwa na ugonjwa wowote. Alijisikia mjinga, na papo hapo akajisikia mwepesi, na vyote viwili vikampiga kwa pamoja akalazimika kukaa chini.

Alimkuta Nyamburi anageuza udaga kichanjani. Akamweleza kwa utaratibu, bila kulaumu, kwamba tumbo lina kiungulia: limelishwa kichachu kingi kwa mkupuo, wale wadudu wanaotoa gesi ya kuwaka wamelewa uchachu, wengine pengine wamekufa. Akamwuliza ilikuwaje. Nyamburi aliacha kugeuza. Alikuwa na uso wa mtu aliyeunguza chakula cha msiba.

"Fundi, sisi kiangazi tulikuwaga tunatia ya nguruwe," alisema. "Hata mwaka jana ndiyo yaliyotuvusha. Ulivyokuja wewe tukaacha. Tulikuwa tunakulindia dini yako."

Khalidi aliona aibu, na haikuwa aibu ya dini, maana dini haikumwambia anyamaze siku ile alipoiona ndoo haijarudi. Ilikuwa aibu ya mtu aliyebebwa mgongoni njia nzima akidhani anatembea. Watoto wa watu walikuwa wamesoma kwa tochi, wanawake walikuwa wamebeba mihogo kichwani mpaka Nyamuswa kusaga, na yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akiwasimulia uzuri wa mlio.

Walimpigia Florian. Kijana alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu, akasema waache kabisa kulisha maganda, waweke majivu ya kuni ya kupoza uchachu, kisha walirudishie tangi uhai kwa samadi mbichi, nyingi. Nyamburi akamwambia ng'ombe hawapo. Florian akasema kama nguruwe wapo, ya nguruwe ndiyo yenyewe, yana ukali unaovunja uchachu. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti. Wote wakatazama mahali pengine.

Walijaribu kwanza kuzunguka. Walikwenda Nyamuswa machinjioni wakaomba uchafu wa tumboni, wakapewa kwa moyo mweupe, lakini kiangazi kile alikuwa anachinjwa ng'ombe mmoja mmoja, na tumbo la mmoja kwa tangi lile lilikuwa kama chumvi ya kubana kwa vidole. Majivu walimwaga. Uchachu ulipungua kidogo, ukakaa hapo. Na Florian alikuwa amekwisha kusema wiki atakayokuja.

Khalidi alifikiri siku nzima. Kama angewaambia wamwage halafu yeye akae mbali, lingekuwa ni lile alilolisema mwanzo, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini nyuzi za maganda zilikuwa zimeziba bomba linalotoka kwenye beseni, na lazima mkono uingie mpaka begani kulizibua kila wakimwaga. Nyamburi alisema ataingiza wake. Hakujua bomba linakata kona wapi, angeweza kuvunja kiungo na kumaliza kila kitu, na hilo pia alilisema. Alikuwa tayari tu, kwa kuwa kosa aliliona la kwake.

"Mama, mwageni," Khalidi alimwambia. "Nami nitakuwepo."

Alivaa mabuti na glavu ndefu za mpira. Glavu ya kulia ilichanika kwenye kona ya bomba kabla hata ya ndoo ya tatu. Akaitazama, akaivua na kuiweka pembeni, akaingiza mkono mtupu. Wanawake waliokuwa wakiimba walinyamaza. Nyamburi akaenda kuleta ndoo nyingine.

Khalidi alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, mikono ameitenga na mwili. Alisimama nje ya uzio akamweleza Najat yote, la ndoo ya kwanza, la wanawake kukubaliana, la kiangazi kilichopita, na alichofanya leo. Hakupunguza kitu. Najat alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia jikoni, akachomoa kwenye jiko lake mpira wa gesi, ambayo sasa ingekuwa ya nguruwe, akauzungusha akautundika msumarini, akawasha mkaa uani. Aliweka jagi la maji na kopo la udongo mkavu kizingitini, akaingia ndani. Kwa wafuatao madhehebu ya Khalidi, najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Khalidi alijiosha peke yake, akiinamisha jagi kwa kiwiko, maji mengi yakimwagika chini.

Siku zilizofuata zilikwenda hivyo. Yeye anakwenda tangini, anarudi, anakuta jagi na udongo, anajiosha. Chakula kilikuwa kinapikwa, shuka zilikuwa zinafuliwa, salamu zilikuwa zinaitikiwa. Ila Najat alikuwa anaongea na Sabiha kwenye simu mara nyingi kuliko kawaida, na mumewe akikaribia anaaga. Mara moja Khalidi alisikia neno chumba. Alianza kuelewa kwamba anaweza kubaki na mashine akampoteza mke, na kwamba kumpoteza nako kungemfikisha Buhare, au kumwacha kibandani peke yake na mlio wake. Alipokuwa akiyafikiria hayo mikono ilikuwa ndani ya bomba, na haikuwezekana kuitoa kazi ikiwa nusu.

Tangi lilichukua muda wake. Kwanza harufu ikapungua. Puto likanywea, watu wakashtuka, Khalidi akawaambia hiyo ndiyo dalili nzuri, acheni itoke ile isiyofaa. Likaanza kujaa upya, polepole. Akapeleka njiti kwenye koki, ikazimika. Siku nyingine akapeleka, ikawaka ikafa. Halafu asubuhi moja mwali ukashika, mdogo, wa samawati, ukatulia. Nyamburi akakaa kwenye ukingo wa beseni akalia waziwazi, na mama mpana kama yule akilia hakuna anayejua afanye nini. Kijana wa Bunda aliyesifiwa hakuwahi kuitwa. Mugeta alisema alisahau namba yake.

Florian alipofika, jenereta ilikuwa inaunguruma tangu mchana, na mashine ya kusaga ilikuwa na foleni. Alizunguka, akapima, akanusa mdomo wa tangi, akauliza wanalisha nini. Nyamburi akamjibu nguruwe, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Florian akasema basi mashine inabaki hapa, na kile kijiji kingine watatafutiwa yao. Watu wakapiga makofi. Wengine walikuja kumshika Khalidi mkono, akawaonyesha kiganja kilivyo, wakamshika bega.

Aliondoka mapema kuliko wote. Hata hakukaa kuisikiliza.

Najat alikuwa amekaa kizingitini, jagi magotini, kopo la udongo pembeni. Jiko la mkaa lilikuwa linafuka nyuma yake, na juu ya mlango balbu ilikuwa inawaka ingawa jua lilikuwa halijazama. Khalidi akasimama palepale alipozoea kusimama. Alimwambia kwamba mashine imebaki. Mkewe akasema amesikia, makofi yalifika mpaka huku. Kisha akainuka.

"Nyoosha mikono."

Akainyoosha. Najat akachukua udongo, akaupaka kwenye mikono ya mumewe kuanzia kwenye viwiko, akausugua mpaka katikati ya vidole, kwa vidole vyake mwenyewe. Akainua jagi, akamwaga. Alikuwa anahesabu kimya kwa midomo.

"Wamekaa gizani kwa ajili yetu," alisema, "na wala hatukuwaomba. Nilitaka kwenda kwa Sabiha nisiwatazame usoni." Akamwaga tena. "Kesho nitampigia. Kile chumba ampe mtu mwingine."

Khalidi akaacha mikono imenyooka vilevile, maana zilikuwa zimebaki mara mbili.